Sura ya 6: Methadoni Katika Nchi ya Chai

Anayetaka kuzungumza na watu wa Bomet kuhusu dawa za jamii ya afyuni asianze na heroini. Aanze na saratani ya umio. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 na ambayo leo iko chini ya kanisa la Africa Gospel, imepokea wagonjwa wa saratani hiyo kwa miongo mingi. Baadhi yao ni vijana ambao hawajafika hata miaka 30, umri ambao kwingineko duniani ugonjwa huu ni nadra sana. Wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata maji. Madaktari huwawekea kijibomba cha kupanua umio ili chakula kipite, na baada ya hapo kinachobaki kushughulikiwa ni maumivu. Hapo ndipo mofini ya kunywa huingia nyumbani, kwa kipimo na saa zilizopangwa, mkononi mwa binti au mke aliyeelekezwa na muuguzi.

Familia iliyomuuguza mama kwa mofini inajua mambo ambayo wataalamu wa uraibu hupata taabu kuyaeleza ukumbini. Inajua kwamba dawa inayoweza kuua ikinywewa ovyo humpa mtu usingizi na utulivu ikitolewa kwa kipimo. Inajua kwamba mwili huizoea, na kwamba kuikatiza ghafla ni kumtesa mgonjwa. Inajua pia kwamba mama hakuwa mhuni. Naamini kliniki yoyote ya uraibu wa afyuni itakayofunguliwa katika nchi ya chai inapaswa kuanzia kwenye maarifa haya ambayo watu tayari wanayo, na mabango yenye picha za mafuvu yabaki stoo.

Sura zilizotangulia zimeeleza jinsi heroini inavyomshika mtu. Hii inauliza jambo la kiutendaji: tiba iliyobuniwa New York itafikaje kambini kwa mchuma chai wa Kericho, na nini kibadilishwe njiani?

Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walianza kuwapa dawa hiyo waraibu wa heroini, na mwaka uliofuata wakachapisha matokeo yao ya kwanza. Heroini huisha nguvu mwilini baada ya saa chache, kisha arosto huanza: tumbo kukatika, mifupa kuuma, jasho, kukesha bila usingizi. Mtu aliye katika hali hiyo hana shughuli nyingine mchana kutwa ila kutafuta kete ya pili. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, ikamshika mtu saa 24 au zaidi, na aliyekwisha kuizoea kwa kipimo sahihi halewi. Anaipata siku yake yote. Anaweza kwenda kazini, kulea, kulala. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni, pamoja na ndugu yake buprenofini, katika orodha ya dawa muhimu.

Lakini dawa hiyo ilisafiri ikiwa imebeba mazoea ya mahali ilipozaliwa: jengo la peke yake, dirisha la kunywea, foleni ya kila asubuhi, mhudumu wa kuhakikisha umemeza mbele yake. Masharti hayo, ambayo Marekani iliyakaza kwa kanuni za mwaka 1972, yalitokana na hofu ya nchi ile katika miaka ile. Hayakuwa sehemu ya dawa. Waliofanikiwa kwingineko ni wale walioliona hilo mapema. Hong Kong ilitawanya kliniki zake karibu na makazi tangu miaka ya 1970, ikaziacha wazi hadi usiku na kutoza dola moja ya Hong Kong, ili mtu apite kabla ya kazi au baada yake. Ufaransa, katikati ya miaka ya 1990, iliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuandika buprenofini, na kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa karibu asilimia 80. China ilianza na kliniki 8 mwaka 2004, ikafikisha zaidi ya 700, na kule Yunnan magari yakawa yanawafuata watu na dawa. Mjini Kuala Lumpur, mwaka 2010, methadoni ilianza kutolewa ndani ya Msikiti wa Ar-Rahman, baada ya madaktari na wanazuoni kukaa pamoja na kukubaliana kwamba anayekunywa dawa kwa kipimo cha tabibu si sawa na anayelewa. Marekani yenyewe ilisubiri hadi korona, Machi 2020, ndipo ikawaruhusu wagonjwa waliotulia kubeba dozi za hadi siku 28 nyumbani. Wagonjwa walikuwa wameliomba hilo kwa miaka.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake katika jambo hili, na kwetu ina thamani kuliko ya Hong Kong.

Pwani ya Kenya iliijua heroini tangu miaka ya 1980, wakati huo ikiwa ule unga wa kahawia wa kuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 unga mweupe ulipochukua nafasi yake, watumiaji wengi walihamia sindano, na pamoja na sindano vikaja virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Malindi ilikuwa na Omari Project, watu waliojitolea kuwahudumia waraibu miaka mingi kabla serikali haijakubali kwamba tatizo lipo. Methadoni ilianza kwa jirani. Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa kama Mauritius, iliyotangulia mwaka 2006.

Muhimbili haikungoja wagonjwa wabishe hodi. Mashirika ya mitaani yaliwafuata mateja maskani, yakakaa nao vikao kadhaa, yakawaleta yakiwa yanawajua kwa majina, na ndugu wa mgonjwa akatafutwa asimame naye. Huo ulikuwa utaratibu wa Dar es Salaam, na ulifaa kwa sababu huko teja huaminiana kwanza na mtu kabla ya kuliamini jengo. Mambo mawili, hata hivyo, yaliwakwaza. La kwanza ni nauli: mtu wa Temeke kupanda daladala kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa. Dawa ilikuwa bure, safari haikuwa bure, na waliokosa nauli walikosa dozi. La pili ni wanawake. Walikuwa wachache mno kwenye foleni, kwa kuwa mwanamke anayeonekana pale hupewa majina mawili kwa mpigo, la uteja na la umalaya, na hana wa kumwachia mtoto. Mwananyamala na Temeke zikapata kliniki zao baadaye, na masafa yakapungua. Aibu ilichelewa kupungua.

Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Kitabibu uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani wataalamu wa magonjwa ya akili wako pale. Ila kila Mkenya anajua kwamba mitaani jina la Mathari hutajwa kwa maana ya wendawazimu, na kumwambia kijana aende Mathari kila asubuhi ni kumtwika lawama nyingine juu ya ile aliyonayo. Malindi na Kisauni zilifuata mwaka 2015, na baadaye Kombani, Ngara, Karuri, Kisumu. Tazama ramani hiyo: ni Pwani, Nairobi na majirani zake, na ukanda wa Ziwa Viktoria. Katikati, kwenye vilima vya kijani vya Kericho na Bomet, ni patupu.

Niseme wazi kwamba adui mkubwa wa nchi ya chai kwa leo ni pombe: chang'aa, busaa, na pombe kali za bei ya chini. Zamani Wakipsigis walikuwa na mipaka katika jambo hili. Wazee waliketi kuzunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu, na kijana hakuwa na nafasi pale. Mpaka huo ulivunjika fedha ya mshahara ilipoingia na pombe ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa yeyote mwenye shilingi. Kwa hiyo mtu atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tuzungumze methadoni pale ambapo chang'aa ndiyo inayozika.

Nina majibu mawili. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Kisumu inapita katikati ya mji wa Kericho, na unga husafiri na barabara. Heroini haikukaa Pwani ilipotua, ilifika Nairobi, ikafika Kisumu. Pia watu hurudi makwao. Fikiria kijana wa Litein aliyeanza unga Mombasa, akatulia kwa methadoni Kisauni, akapata kazi. Baba yake anafariki. Matanga na mazishi huchukua wiki moja, pengine zaidi, na yeye ndiye mtoto wa kwanza. Atakunywa dozi yake wapi? Kliniki ya Kisumu iko takriban kilomita 80 kutoka mjini Kericho, na zaidi ya 100 kutoka Bomet. Au akose mazishi ya baba yake, jambo ambalo ukoo hautalisahau, au akae siku saba bila dawa na arosto imshike mbele ya waombolezaji. Mfumo unaomlazimisha mtu kuchagua kati ya hayo mawili umejengwa bila kuuliza watu wanaishije.

Sasa tutazame siku ya mchuma chai. Huingia shambani asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, na hulipwa kwa kilo. Saa mbili zikipotea kwenye foleni, kilo zimepotea. Mkulima mdogo anayeuza kwa viwanda vya shirika la chai la KTDA, kama Litein, Kapkoros au Mogogosiek, naye ana saa zake: majani lazima yafike kituo cha kupokelea kabla ya lori la kiwanda, kwani majani yaliyolala hayana bei. Kliniki inayofungua asubuhi na kufunga mchana, kama ilivyozoeleka, inagongana moja kwa moja na saa hizo. Nchi ya chai inahitaji dirisha linalofunguliwa alfajiri kabla ya kazi, na tena jioni majani yakishapimwa. Hong Kong ililijua hilo miaka 50 iliyopita.

Wengine watasema kampuni zina hospitali na zahanati zao ndani ya mashamba, basi methadoni iwekwe humo. Ni kweli kwamba mtandao huo ni hazina. Watafiti wa UKIMWI waliofanya kazi Kericho miaka ya 2000 waliweza kuwafuatilia wafanyakazi wa mashamba na jamaa zao zaidi ya 2,800, jambo gumu sana kufanyika kijijini, kwa sababu watu walikuwa na anwani na kituo cha afya kinachojulikana. Lakini katika shamba la chai nyumba hufuata kazi. Anayefutwa hupewa muda wa kufungasha, na mke na watoto wanatoka naye. Mfanyakazi gani ataandikisha uraibu wake katika daftari la mwajiri anayemiliki paa la nyumba yake? Tangu Unilever ilipouza biashara yake ya chai mwaka 2022, mashamba yaliyokuwa yake Kericho na Bomet yamepita mikononi mwa wamiliki wengine, na daftari la zahanati huhama pamoja na jengo. Kwa hiyo naafiki majengo ya kampuni yatumike kutolea dawa, ila mtoaji awe mhudumu wa kaunti, na kumbukumbu ziwe za kaunti, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Msimamizi wa shamba asizione kabisa.

Hata orodha ya serikali ina uzito wake hapa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa, kwa sheria iliyotungwa mahususi kwa ajili yao. Ardhi ya chai nayo ilitwaliwa katika zama hizo hizo. Mzee anayesikia kwamba serikali inaandika majina ya vijana wa kijiji ana sababu ya kuuliza yataenda wapi. Ajibiwe kwa heshima na kwa maandishi, kabla jina la kwanza halijaandikwa.

Pombe, tuliyoitaja, inarudi kwenye hesabu kwa sababu ya kitabibu. Methadoni hupunguza kasi ya kupumua, na pombe kali hufanya vivyo hivyo. Zikikutana usiku mmoja mtu anaweza kulala asiamke. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo, kipimo kinapopandishwa polepole. Katika jamii ambamo chang'aa ni jirani wa kila mtu, kliniki isiyotibu pombe haina uhalali wa kugawa methadoni. Na hapa jibu halitoki mbali. Kule Eldoret, ndani ya mpango wa AMPATH, watafiti walichukua tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya wanywaji pombe, wakaiunda upya kwa wagonjwa wa kliniki za UKIMWI. Ikawa vikao 6 vya kila wiki, dakika 90 kila kimoja, kwa Kiswahili, wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikiongozwa na washauri wasio na shahada za saikolojia ila waliofunzwa vizuri na kusimamiwa. Watu 614 walishiriki katika jaribio lao, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliopata tiba hiyo walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopata mafunzo ya jumla ya afya.

Nalithamini jaribio la Eldoret kuliko miongozo mingi ya kimataifa niliyoisoma, kwa sababu lilifanyika miongoni mwa watu wanaofanana na wa Kericho kwa lugha, kipato na desturi. Lilionyesha kwamba mshauri anaweza kuwa mtu wa karibu, anayejua kwamba mgeni asipokaribishwa kinywaji huona amedharauliwa, na kwamba mama anayepika chang'aa hulipia karo kwa chungu hicho. Huwezi kumwambia mama huyo aache bila kumwonyesha karo itatoka wapi. Kambini ongeza Kikipsigis, Kigusii na Kijaluo juu ya Kiswahili, maana mashamba yamekusanya watu wa makabila mengi kwa karibu miaka 100.

Nani atoe dawa? Uganda ilishalijibu swali hili kwa upande wa mofini. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akakuta madaktari ni wachache na wagonjwa wako vijijini. Badala ya kungoja madaktari wazaliwe, nchi ilibadilisha kanuni, na kufikia 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kuandika mofini. Bomet na Kericho zina maafisa wa kliniki na wauguzi katika vituo vya afya, na tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaoingia nyumba kwa nyumba. Daktari wa hospitali ya kaunti amwanzishe mgonjwa na kumpandisha kipimo. Akishatulia, apokelewe na zahanati ya karibu, kama anavyopokelewa mgonjwa wa kifua kikuu. Na tukitaja kifua kikuu, wahudumu hao wafundishwe kwamba rifampisini huishusha methadoni mwilini, ili mgonjwa anayelalamika arosto akiwa kwenye dawa za TB asiitwe mwongo.

Linabaki kanisa, na katika Bomet hakuna jambo linalokwenda bila kanisa. Mchungaji atasema kwamba hii ni kumpa mlevi busaa badala ya chang'aa. Asidharauliwe, maana hofu yake ni ya kweli na amezika vijana wengi. Aulizwe tu kwa upole: Mchungaji, ulipomwombea mama yule wa saratani, akiwa na chupa ya mofini kando ya kitanda, ulimwona mwenye dhambi? Wahudumu wa Tenwek wamekuwa wakiomba na kutoa mofini katika wodi moja kwa miaka mingi. Kilichofanyika msikitini Kuala Lumpur kinaweza kufanyika katika ua wa kanisa Kapkatet au Longisa, wazee wa kanisa wakihusishwa tangu siku ya kwanza, kabla jengo halijachaguliwa.

Kuna hatari moja ya kuangalia sana. Kampeni ya kelele dhidi ya afyuni yaweza kuwatisha wauguzi wasitoe mofini kwa anayestahili. Adhabu za sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ziliongezwa ukali mwaka 2022, na mfamasia mwenye hofu huona ni salama zaidi kufunga kabati. Gharama ya kabati hilo hulipwa na mgonjwa wa saratani asiyelala. Ndiyo maana natetea huduma hizi mbili ziwe mikononi mwa watu walewale: muuguzi anayempelekea bibi mofini ndiye ampimie mjukuu methadoni, kutoka kabati lilelile na daftari lenye hesabu inayokaguliwa.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuifanyia mapitio, na huduma nyingi za UKIMWI nchini Kenya, ambamo methadoni imejengwa, zikatikisika. Mgonjwa wa methadoni hawezi kusubiri siku 90 wakubwa wamalize mapitio yao. Magavana na wawakilishi wa wadi wa Kericho na Bomet, ombi langu kwenu ni dogo: tengeni fedha zenu wenyewe za mofini ya kutosha, za washauri wa pombe waliofunzwa kama wale wa Eldoret, na za dirisha moja la methadoni katika kila kaunti, linalofunguliwa alfajiri na jioni. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30 kila mwaka, na sheria inawataka muwasikilize wananchi kwanza. Wewe msomaji unayeishi huko, nenda kwenye kikao hicho ukaulize.